Trekta Likimisi Likipata Moto: Lipia Kipimo Kabla ya Kulipia Kipuri

Msimu uliopita, mvua za kwanza zilipoanguka Kibaigwa, trekta letu la Massey Ferguson 135 lilikuwa linalima dakika 40, kisha linaanza kusumbua. Asubuhi linawaka mara moja. Linaingia shambani, jembe la diski linazama vizuri, udongo unageuka. Kabla ekari moja haijaisha, sauti inabadilika: silinda moja inamisi, halafu nyingine, injini inatetemeka, nguvu zinakwisha. Dereva akilizima na kupumzika chini ya mti kwa nusu saa, linawaka tena kama halikuwa na tatizo. Dakika 40 nyingine, yale yale.

Fundi wa jirani alisikiliza kidogo, akaweka kiganja juu ya pampu ya dizeli, akamwambia baba mkwe, "Mzee wangu, pampu imechoka. Ikipata moto haisukumi." Maneno yale yalikuwa na mantiki, na mvua ilikuwa haimsubiri mtu. Pampu ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye basi la Dodoma, ikatengenezwa, ikarudi inang'aa. Siku sita zilipita. Tukaifunga, tukatoa upepo kwenye mfumo wa dizeli, tukawasha. Trekta likalima dakika 40.

Aliyelipata tatizo ni dereva, wala hakuwa akilitafuta. Alifungua kifuniko cha tangi ili aongeze dizeli, na tangi likavuta pumzi kwa nguvu, fyuu, kama mtu aliyetoka majini. Chini ya kifuniko palikuwa na kipande cha nailoni ya mfuko wa mbolea, kimekunjwa vizuri mara mbili. Mtu alikiweka wakati wa mvua ili maji yasiingie kwenye dizeli. Maji hayakuingia kweli, lakini hewa nayo ilikosa njia. Dizeli ilipokuwa ikipungua, tangi lilijenga mvuto wa ndani, mpaka lifti pampu ikashindwa kuvuta. Tulikitoa kile kipande, na siku hiyo trekta lililima mpaka jua likazama.

Tulilipia pampu, tukapoteza siku sita za mvua ya kwanza, na wateja wawili tuliokuwa tumewaweka kwenye foleni wakachukua trekta jingine. Ndiyo maana naandika ulinganisho huu. Injini kuukuu inayomisi ikipata moto ina sababu nyingi, na njia za kuitengeneza zinapishana bei kwa mbali sana. Anayeanza na njia ya bei kubwa anaweza kulipa kila kitu na bado tatizo likabaki pale pale.

Pima gharama kwa ekari

Kabla ya kulinganisha, tupate kipimo kimoja. Bei za vipuri hupanda na kushuka, na Dodoma si Babati wala Mbarali. Kwa mwenye trekta la kulimia watu, kipimo kisichodanganya ni ekari: matengenezo haya yatakula malipo ya ekari ngapi?

Kwa mfano, tuseme unalima ekari moja kwa shilingi 60,000, na nusu yake inakwenda kwenye dizeli, dereva na vilainishi. Faida yako ni 30,000 kwa ekari. Kama trekta la ukubwa wa 135 linalima ekari 5 kwa siku kwenye udongo mgumu, siku moja ya kusimama ni shilingi 150,000 ambazo hazirudi, kwa sababu mvua ikipita imepita. Weka bei zako mahali pa hizi, hesabu ni ile ile.

Ukiangalia hivyo, utaona gharama ya pili ambayo risiti haiionyeshi, yaani siku. Siku sita za kusubiri ni ekari 30. Kwa hesabu hiyo, faida tuliyoikosa ilikuwa kubwa kuliko bei ya kutengeneza pampu yenyewe. Kwa hiyo kila ninapolinganisha njia mbili hapa chini, ninatazama mambo matatu: pesa, siku, na uhakika kwamba tatizo ndilo hilo.

Moto, muda au mzigo?

Wengi tunasema "likipata moto linamisi", kumbe moto ni kitu kimoja kati ya vitatu vinavyotokea kwa pamoja. Baada ya dakika 40 shambani, injini imepata joto, muda umepita, na jembe limekuwa likivuta. Ukivitenganisha, umeshaokoa pesa nyingi.

Kwanza, muda. Likianza kumisi, simama, fungua kifuniko cha tangi usikilize, kisha sukumasukuma kwa mkono kile kiwiko kidogo kilicho kwenye lifti pampu. Washa palepale, injini ikiwa bado ya moto. Kama imerudi kuwa nzima ilhali haijapoa, joto halihusiki. Tafuta njia ya dizeli: tundu la kifuniko, chujio lililo kwenye bomba la kutokea tangini, filta, au kiungo kinachovuta hewa.

Pili, mzigo. Nyanyua jembe. Kama injini inatulia mara tu jembe linapotoka ardhini na inaanza tena linapozama, basi inapata dizeli au hewa ya kutosha kutembea lakini si ya kulima. Hapa angalia filta za dizeli na kisafisha hewa. Kile cha bakuli la oili cha matrekta haya kikijaa tope, injini hukosa pumzi na kutoa moshi mweusi.

Tatu, moto wenyewe. Kama haibadiliki kwa kufungua tangi wala kunyanyua jembe, na inapona tu baada ya kupoa, ndipo uingie kwenye sababu za joto: pampu iliyolika, tapeti zilizokazwa mno, gasketi ya hedi inayovujisha, au rejeta isiyopoza.

Rangi ya moshi inasaidia. Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Mweupe wenye harufu kali ya dizeli ni mafuta yaliyopita bila kuungua. Mweupe wa mvuke unaoendelea hata injini ikiwa ya moto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili.

Vipimo vya bure

Massey Ferguson 135, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1964 hadi 1975, kwa kawaida linabeba injini ya Perkins AD3.152: silinda tatu, lita 2.5, mpangilio wa kuwaka 1-2-3. Injini hiyo hiyo iliendelea kwenye 240. Ni injini nyepesi kuelewa, na spana mbili zinatosha kuihoji.

Anza na mtiririko. Trekta likiwa linamisi, zima, fungua bomba linaloingia kwenye lifti pampu, na uelekeze mdomo wake kwenye chupa. Tangi liko juu ya injini, kwa hiyo dizeli inapaswa kushuka yenyewe kwa mkondo ulioshiba. Ikianza vizuri halafu ikanyong'onyea ndani ya dakika moja, kuna uchafu kwenye chujio la tangi au kifuniko hakipumui. Rudia kipimo ukiwa umefungua kifuniko, na utajua ni lipi.

Kisha tafuta silinda iliyolala. Injini ikiwa silensa, ya moto na inamisi, legeza kidogo nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli ya kwanza, kiasi cha robo mzunguko. Sauti ikianguka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza, nenda ya pili, kisha ya tatu. Ile ambayo ukiilegeza hakuna kinachobadilika ndiyo mgonjwa. Usiweke kidole karibu: dizeli itokayo hapo ina mgandamizo wa kupenya ngozi, na jeraha lake linahitaji hospitali hata kama tundu ni dogo kama la sindano. Shika kitambaa kinene, vaa miwani, simama pembeni.

Kama silinda moja ndiyo inayolala kila mara, mashaka yako yako kwenye nozeli yake, valvu zake, au mgandamizo wake. Kama zote tatu zinayumba kwa zamu, mashaka yarudi kwenye kinachozihudumia zote: tangi, filta, hewa kwenye dizeli, au pampu.

Kipimo cha tatu ni cha pampu. Matrekta mengi ya umri huu yana pampu ya mzunguko aina ya CAV DPA. Ndani yake hakuna oili. Dizeli inayopita ndiyo inayoilainisha. Rota na kichwa chake vimesagwa kwa pamoja vikaribiane sana, na vikishalika, dizeli baridi bado ni nzito ya kutosha kuziba ule mwanya. Ikipata joto inakuwa nyepesi na kurudi nyuma badala ya kwenda kwenye nozeli. Ndiyo sababu trekta lenye pampu iliyochoka huwaka vizuri asubuhi na kukataa kuwaka mchana. Zima trekta likiwa la moto, funika pampu kwa gunia lililoloweshwa maji, subiri dakika 10, uwashe. Kama limewaka na kutulia wakati injini nyingine yote bado ni ya moto, umepata ushahidi wa kweli dhidi ya pampu. Usimwagie maji ya baridi pampu inayozunguka. Ganda likisinyaa ghafla rota inaweza kukwama.

Cha nne ni rejeta. Asubuhi injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, washa, na utazame maji. Mapovu yanayoendelea kupanda tangu dakika za mwanzo yanaonyesha gesi ya silinda inaingia kwenye maji, yaani gasketi au hedi ina kasoro. Tazama pia mbele ya rejeta. Mabua, vumbi na mbegu za majani hujaa kati ya mapezi hadi hewa isipite, na tiba yake ni maji ya bomba yanayopitishwa kutoka upande wa feni.

Vipimo hivi vyote ni asubuhi moja. Ningeomba kila mwenye trekta avifanye kabla ya kumwita fundi. Wala sisemi hivyo kwa kumdharau fundi. Nataka fundi akija akute maswali yameshapunguzwa.

Ngazi za gharama

Makadirio haya ni ya mahali nilipo, kwa ekari za malipo kamili, ufundi ukiwemo. Yachukue kama ukubwa wa hatua, kisha uulize bei za kwenu.

Ngazi ya kwanza: kusafisha kifuniko na chujio la tangi, kuosha rejeta, kubadili oili ya kisafisha hewa, kukaza viungo vya dizeli na kubadili washa za shaba. Haifiki nusu ekari. Muda: nusu siku.

Ngazi ya pili: filta za dizeli na kutoa upepo. Karibu nusu ekari. Muda: saa moja au mbili. Hata kama hazikuwa tatizo, pesa haijapotea, kwa kuwa ilikuwa lazima zibadilishwe.

Ngazi ya tatu: kurekebisha tapeti. Kwa AD3.152 nafasi ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi, au 0.25 ikiwa ya moto. Chuma kikipata joto hurefuka. Tapeti iliyobana sana inaishikilia valvu wazi, mgandamizo unavuja, na silinda inalala. Chini ya ekari moja, na mwenye fila geji anayejua kuitumia analipa bei ya gasketi ya kifuniko tu.

Ngazi ya nne: kupima nozeli zote tatu na kubadili ncha zilizochoka. Ekari 2 hadi 3. Siku moja ikiwa kuna mashine ya kupimia karibu.

Ngazi ya tano: kutengeneza pampu. Ekari 6 hadi 10, pamoja na siku za safari.

Ngazi ya sita: kufungua hedi, kusaga valvu, kusawazisha hedi na kuweka gasketi mpya. Ekari 8 hadi 12. Siku tatu hadi tano.

Ngazi ya saba: kufungua injini yote, yaani pistoni, ringi, slivu, beringi, na kuchonga kranki ikibidi. Ekari 40 hadi 70. Wiki mbili, na pengine zaidi.

Tazama umbali uliopo kati ya ngazi ya tatu na ya tano. Ngazi tatu za kwanza, zote kwa pamoja, hazifiki ekari mbili na nusu. Sisi tuliruka moja kwa moja hadi ya tano, na dawa ilikuwa kwenye ya kwanza.

Fundi yupi kwa kazi ipi?

Fundi wa kijijini ana faida mbili: yupo, na anaisikia injini ikiwa inamisi. Hilo la pili ni kubwa. Tatizo la joto linataka mtu awepo linapotokea, na fundi wa mjini atalipokea trekta likiwa limepoa na kutulia. Kwa ngazi ya kwanza hadi ya tatu, na kwa kufungua hedi kama ana torki spana, sioni sababu ya kwenda mbali.

Pampu ni habari nyingine. Isifunguliwe chini ya mti. Chembe moja ya vumbi inatosha kukwaruza rota, na baada ya kufungwa lazima ipimwe kwenye benchi linaloonyesha inatoa dizeli kiasi gani kwa kila silinda na kwa mzunguko upi. Fundi asiye na benchi anaweza kubadili mipira ya ndani na kukurudishia pampu isiyovuja nje, lakini hawezi kukuambia kama inasukuma sawa. Bei yake ni ndogo kwa sababu kazi yake ni nusu.

Kwa hiyo mjini omba kitu kimoja kwa jina: kupimwa kwanza, na bei ya kupima iwe peke yake. Waambie, "Naomba mpime mnipigie simu kabla hamjafungua." Karakana nzuri itakubali. Uliza pampu ilitoa nini ilipokuwa baridi na nini dizeli ilipopata joto. Kama tungeomba hivyo, huenda tungeambiwa pampu bado ina nguvu, tukalipa kipimo na nauli tu. Na kila unapochukua kazi iliyokwisha, dai vipuri vya zamani, uvione na kuvishika. Ni mali yako, na ndivyo vinavyoonyesha ulilipia nini.

Namna ya kumlipa fundi nayo inabadilisha ushauri anaokupa. Fundi anayelipwa kwa kazi ya kufungua tu hana kipato akikuambia kwamba tatizo ni nailoni chini ya kifuniko. Mlipe kwa kutafuta. Sisi sasa tunakubaliana malipo ya siku ya upimaji, yawe yamepatikana makubwa au madogo, na tumeona anavyotulia na kuanza na mambo madogo.

Origino, nakala au mtumba

Wilaya yetu ya Kongwa inajua kwa muda mrefu mashine isiyo na kipuri inavyoishia. Hapa ndipo Waingereza walipoanzishia mradi wao wa karanga mwaka 1947, wakauacha mwaka 1951, na mitambo mikuukuu iliyokosa vipuri na karakana za kutosha ilikuwa moja ya sababu za kuanguka kwake. Bahati ya mwenye 135 au 240 leo ni kwamba injini yake haikufa ilipoachwa kutengenezwa kiwandani Uingereza. India na Pakistan ziliendelea kutengeneza matrekta ya ukoo huo kwa leseni, kwa hiyo vipuri vyake vimejaa Gerezani, Dar es Salaam, na kwenye maduka ya mikoani.

Wingi huo unaleta tabaka tatu za bei. Kipuri cha kiwanda chenye jina huwa ghali mara mbili au zaidi ya nakala. Nakala zenyewe zinatofautiana, nyingine nzuri, nyingine za msimu mmoja. Mtumba unaovuliwa kwenye trekta lililokufa ni wa bei ya maelewano.

Mimi hugawa hivi. Mahali ambapo kipuri kikifa kinaharibu kingine, nanunua kilicho bora kadiri ninavyomudu: filta za dizeli, ncha za nozeli, gasketi ya hedi, beringi, thermostati. Filta ya karatasi hafifu ndiyo akiba mbaya kuliko zote. Unaokoa elfu chache, na vumbi inalopitisha linakwenda kula pampu ya ekari 10. Mahali ambapo kipuri kikifa unakiona na unakibadili kwa nusu saa, nakala inatosha: hozi za rejeta, kifuniko cha tangi, kamba ya feni, mabomba ya chini.

Mtumba naukubali kwa vyuma vikubwa visivyolika upesi, kama hedi, ganda la pampu ya maji au manifoldi, na hata hapo hedi ipimwe nyufa kabla hujalipa. Nozeli za mtumba usinunue. Unanunua ugonjwa wa trekta jingine.

Njia rahisi dukani ni kubeba kipuri cha zamani. Weka viwili sambamba kwenye kaunta, pima kwa jicho na kwa kidole, uvinyanyue vyote viwili. Kile kilicho chepesi kupita kiasi, chenye mdomo usionyooka au mpira mgumu kama plastiki, kiache.

Dizeli nayo ni kipuri

Kabla hujalinganisha mafundi, linganisha vituo vya mafuta. Pampu inayolainishwa na dizeli hufa haraka dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, kwa sababu mafuta ya taa ni mepesi na hayailindi. Mchezo huo ulienea mpaka mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili bei yake isivutie wachakachuaji. Dizeli ya madumu ya kando ya barabara inaweza kuwa na punguzo dogo kwa lita, na ndani yake mna maji, kutu ya pipa, au kitu kingine kabisa.

Fanya hesabu. Trekta likitumia lita 30 kwa siku, na umeokoa shilingi 150 kwa lita, ni 4,500 kwa siku. Kwa msimu wa siku 40 umeokoa 180,000, yaani ekari 3. Pampu ni ekari 6 hadi 10, bila kuhesabu siku za kusimama. Punguzo hilo halilipi.

Ukilazimika kutumia madumu, yaache yatulie usiku kucha, mimina kwa kitambaa safi, na bakisha sehemu ya chini. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, legeza skrubu ya chini ya filta na utoe maji yaliyokusanyika. Ni kazi ya dakika mbili isiyo na gharama yoyote.

Kufungua injini au kuachana na trekta?

Wakati mwingine vipimo vyote vinaelekea ngazi ya saba. Dalili zake zinajulikana: bomba la kupumulia la injini linatoa moshi kwa mapigo, oili inapungua kila siku, geji ya oili inashuka injini ikipata joto, na kuwaka asubuhi kunataka kuvutwa. Hapo nozeli mpya hazitasaidia kitu, na fundi anayekuuzia nozeli anaahirisha tu siku ya kulipa.

Linganisha kwa hesabu ile ile ya mfano. Kufungua injini kwa ekari 60 ni shilingi 3,600,000. Kwa faida ya 30,000 kwa ekari, unahitaji kulima ekari 120 kuirudisha, yaani siku 24 za kazi. Ni ndani ya msimu mmoja. Sasa chukua trekta la mtumba, tuseme la milioni 20, huku lako ukiliuza kwa milioni 6 likiwa bovu. Unaongeza milioni 14, ambazo ni faida ya ekari 467, karibu siku 93. Ni misimu miwili na zaidi, na injini ya hilo la mtumba hujaifungua ukaona ndani.

Kwa hesabu hiyo, kufungua injini kunashinda mara nyingi, kwa sharti moja: mengine yawe mazima. Kama giaboksi inatoa gia yenyewe, haidroliki hainyanyui jembe, na difu inalia, unaweka moyo mpya kwenye mwili uliochoka. Jumlisha matengenezo yote ya miaka miwili ijayo kabla ya kuamua. Kama jumla inapita nusu ya unachotakiwa kuongeza ili upate trekta jingine, uza.

Na ukiamua kufungua, fungua baada ya mavuno. Mwezi wa Juni karakana zina nafasi, vipuri havijapanda, na siku ya kusimama haina ekari ndani yake. Kazi hiyo hiyo mwezi wa Desemba inakugharimu msimu.

Nini kwanza, kesho asubuhi

Kama trekta lako linamisi leo, mpango wangu kwako ni huu. Kesho usipige simu kwanza. Fanya ngazi ya kwanza, chukua filta mbili mpya, kisha lima mpaka lianze kumisi. Hapo ulifanyie vipimo likiwa limeshikwa: kifuniko, mtiririko, silinda moja moja, gunia la maji juu ya pampu. Andika ulichokiona kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo umpe fundi, na umwombe aanzie hapo. Kama inaonyesha pampu, lipia pampu bila kusita, maana sasa unajua unachokinunua.

Siku hizi dereva wetu hafungui boneti kabla hajafungua tangi. Anakitoa kifuniko, anakipangusa kwa shati lake, anakiinua kwenye jua la asubuhi. Tundu la hewa ni dogo kuliko punje ya mtama. Akiona mwanga umepita, anakirudisha, anawasha.